Nani Anamsomea Pál Kadishi?

Mtaa wa Nagydiófa,
Ghorofa ya tatu,
Budapest.
23 Februari 2025

Mpendwa Shangazi Márta,

Shikamoo, Shangazi. Hali yako je, na macho yanaendeleaje? Amnon wako aliniambia kwamba umeondolewa mtoto wa jicho, na kwamba ulipofika tu nyumbani ukaanza kuosha madirisha kwa sababu sasa umeuona uchafu wake. Tafadhali tulia. Madirisha hayaendi popote. Na goti, je? Usingizi unapatikana? Nasikia ving'ora vya vita vimenyamaza huko Haifa nami nikashukuru, maana kila nilipoona habari za kaskazini kwenye televisheni nilikuwaza ukishuka ngazi na fimbo yako, ukimgombeza kila mtu.

Mimi ni mzima wa mwili. Presha inapanda na kushuka, dawa nakunywa nikikumbuka. Lifti ya jengo letu imekufa tena. Majira haya ya baridi hatukupata theluji wala jua, ni matope tu, na mtaa wenyewe usingeutambua. Pale alipokuwa mchinjaji wa kuku wa kosher, wa halali yetu, sasa wanauza bia ya rangi ya buluu, na vijana wa Kiingereza wanaokuja kumuaga mwenzao anayeoa wanaimba chini ya dirisha langu tangu Alhamisi mpaka Jumapili. Nimezoea. Mtu huzoea kila kitu isipokuwa kudharauliwa.

Nimechelewa kukuandikia, najua. Siku ile uliponipigia simu baada ya mazishi uliniuliza, "Nani anamsomea Pál Kadishi?" Sala hiyo ya wafu mtoto humsomea mzazi wake kila siku, na mtoto wa Pál ni mimi. Ukaongeza, "Kwani hakuna mwanaume hata mmoja?" Halafu ukasema laini ni mbaya, ukakata. Laini haikuwa mbaya, Shangazi. Nilikuwa nimejiziba mdomo kwa kitambaa cha jikoni, kwa sababu ningeufungua ningekutukana, na wewe ni mkubwa wangu. Sasa hasira imepoa kidogo, si yote, na swali lako bado linanidai jibu. Hili hapa.

Nianze na mazishi, kwa kuwa ndege hazikuwa zikiruka na hukuweza kuja kumzika kaka yako. Yalikuwa mazishi ya heshima. Walikuja majirani, walikuja wawili watatu waliobaki wa kile kiwanda cha balbu alichofanyia kazi, na wazee wote wa nyumba yetu ya sala. Mzee Ervin alikuja kwa teksi, mwenye miaka tisini na mbili, akakataa kukaa kwenye kiti. Rabi wetu mpya ndiye aliyeongoza. Anaitwa Menahem, katoka Antwerp, ana miaka thelathini na kitu, ana sauti nzuri na viatu vilivyong'arishwa. Tulimpata mwezi Septemba baada ya miaka kumi ya kujiendesha wenyewe, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliopiga kelele zaidi kwamba tumpate. Nilijitafutia mwenyewe.

Pale ukumbini kabla ya jeneza kutoka, alinijia na kisu kidogo, akanikata kola ya blauzi upande wa moyo kama wanavyokatwa wafiwa, nikaivuta kwa mkono wangu ikachanika mpaka hapa. Nikasema maneno ya baraka bila kusoma popote. Alitikisa kichwa kwa kuridhika. Alinipenda sana dakika ile.

Kisha tukawa tunatembea kwenda kaburini, naye akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, mama yako amelala safu gani? Nilifikiri tungewaweka karibu."

"Mama hayuko hapa. Yuko makaburi ya Farkasrét."

"Kwa nini Farkasrét?"

"Kwa sababu alikuwa Mkatoliki, Rabi."

Shangazi, umewahi kumwona mtu akifunga duka wewe ukiwa mlangoni? Hakuwa mkali. Laiti angekuwa mkali. Aliangalia kola yangu iliyochanika, akaangalia viatu vyake, akasema "Pole, sikujua," na tukaendelea kutembea. Tulipofika, nilipiga hatua mbele kusoma Kadishi ya baba yangu, naye akanigusa kiwiko kidogo tu, akasema, "Mzee Ervin, tafadhali soma wewe." Ervin akamtazama rabi, akanitazama mimi, machozi yakamlengalenga, akasoma. Nilisimama kando nimeshika kola yangu. Blauzi ilikuwa imeshachanika na hakuna aliyejua la kuifanya, hata mimi.

Sheria naijua, usinieleze. Uyahudi unapitia kwa mama. Nimeifundisha mwenyewe kwa wanaoanza, tena kwa ubao na chaki. Lakini kujua sheria ni jambo moja, na kuitwa pembeni na sheria mbele ya kaburi la baba yako ni jambo jingine.

Labda hujui jinsi nilivyokuja kujua sisi ni nani, maana Pál hakuwa mtu wa kuandika mambo kama hayo kwenye barua. Nilikuwa na miaka tisa. Nilitoka shule nikaja kusimulia mezani jinsi tulivyomzomea golikipa wa timu pinzani, na lile neno tulilomwita nikalitaja kwa furaha yote. Baba akaweka kijiko chini. Akasema, "Usilitumie tena neno hilo. Wewe ni mmoja wao." Mama akaongeza supu kwenye sahani yangu. Hilo ndilo lililokuwa somo langu la dini, mwanzo hadi mwisho, na sikupata lingine kwa miaka ishirini na mitano.

Mambo yalipobadilika nchini, Ukomunisti ulipoanguka, watu wa rika langu wakaanza kutoka mafichoni mmoja mmoja, kila mtu na siri yake ya nyumbani. Mimi nilikwenda darasa la Jumatatu la Mzee Ervin. Mwalimu mzima wa kemia nilikaa na kitabu cha watoto, nikijifunza herufi moja baada ya nyingine. Baba alinicheka. "Unatafuta nini kule?" aliniuliza. "Mimi nimetumia maisha yangu yote kutafuta mlango wa kutokea." Lakini aliponiona nimefika kwenye Torati, na baadaye kwenye Talmudi, akaanza kuja naye. Alikaa nyuma, akajifanya anasoma gazeti la michezo. Siku moja nilikosea sentensi naye akanisahihisha kutoka nyuma ya gazeti, Shangazi. Alikuwa ameibeba miaka hamsini bila kumwambia mtu. Alijifunza wapi kama si kwa babu yangu, kabla hawajamchukua babu?

Wakati ule hakuna aliyeniuliza habari za mama. Ervin alikuwa akila kwetu, alijua fika Mama anatoka kanisani Jumapili asubuhi ndipo aanze kupasha maharage na bata bukini yaliyobaki ya Sabato. Nilipomuuliza kama ni tatizo alisema, "Nelli, tukianza kuulizana mama zetu mtaa huu, tutabaki mimi na paka." Basi nikakaa. Nilikaa nikawa mwalimu wa wanaoanza. Karibu kila kijana anayesimama leo kusoma mbele ya watu pale kwetu, nilimfundisha mimi kutofautisha herufi zinazofanana. Wanasimama, wanasoma, wanahesabiwa. Mimi niko nyuma ya pazia la wanawake na ninawasikia wakikosea.

Baada ya mazishi nilikwenda kwa rabi. Sikulia, nilimuuliza kama mwalimu anavyouliza. Alinikaribisha chai, akanieleza kwamba mwanamke wa Kiyahudi angeweza kusoma taratibu nyuma ya pazia wakati mwanaume anasoma, yeye hana kinyongo na hilo, lakini mimi kwa hali yangu hapana. Neno alilotumia lilikuwa "hali". Akaniahidi Ervin atasoma kila jioni kwa niaba yangu. Akaniomba niendelee na darasa la Jumatatu. "Hatuna mwingine, Mwalimu," alisema, na sidhani aliusikia mdomo wake.

Ervin alisoma kweli, kila jioni, kwa sauti ya kukwaruza. Nami nilikwenda kila jioni kumsikiliza akimsomea baba yangu, kama mtu anayeangalia mgeni akila chakula cha nyumbani kwake. Bwana Gerő, yule mtunza nyumba ya sala mwenye mzaha wake usioisha, aliniambia mlangoni, "Mwalimu, ungekuwa na ndevu tungefumba macho." Alifikiri ananifariji. Nikamwambia namfahamu mjane mmoja mwenye ndevu nzuri kuliko zake, akacheka mpaka akakohoa. Nilicheka nami. Ukitaka kukaa na watu wetu, jifunze kucheka ukiwa umekasirika.

Kisha ikaja jioni ya kutimiza mwezi. Ervin alikuwa ameteleza bafuni asubuhi ile, yuko hospitalini na nyonga yake. Tukasubiri. Walifika wanaume tisa, wa kumi hakuna, na bila kumi Kadishi haisomwi. Wakati wa sala ulikuwa unapita. Gerő akapiga simu kwa kila aliyemjua, mmoja ana mafua, mwingine yuko kwenye mpira wa mjukuu. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma ya pazia langu na keki ya tabaka niliyooka mwenyewe, ya tufaha, jozi na mbegu za mpopi, ile aliyoipenda Pál. Watu walikuwa tisa na mimi wa kumi, na kila mmoja mle ndani alijua hesabu hiyo, na kila mmoja akaangalia saa yake.

Rabi akavaa koti akatoka barabarani. Ni desturi, unaijua, hata Baba alikuwa akiisimulia: unasimama kwenye kona na kuwauliza wapita njia, samahani bwana, wewe ni Myahudi? Hapa mjini, wazee wanapoulizwa swali hilo na mtu wasiyemfahamu bado wanavuka barabara kwa hofu. Kwa hiyo ukitaka jibu, muulize mtalii.

Alirudi na mmoja. Kijana mrefu, Mwingereza, jina lake Callum, amevaa fulana yenye picha ya uso wa rafiki yake na maandishi ya kumuaga useja, na ananuka bia ile ya buluu. Gerő akamvika kofia, akamtazama kutoka juu mpaka chini.

"Wewe kweli ni wetu?"

"Mama yangu alikuwa," kijana akasema. "Na bibi yangu. Sijui lolote, kusema kweli. Nilipita tu kutafuta choo."

"Choo ni mlango wa kushoto," Gerő akamwambia. "Halafu rudi hapa, wewe ni wa kumi."

Walicheka wote kwa furaha ya watu waliookoka. Akidi imetimia. Mwaka arobaini na nne, Wanazi walipokuwa wakiwakusanya Wayahudi, Shangazi, hakuna mtu aliyekuwa anasimama mlangoni kuuliza kama ni mama au ni baba. Wale wangenihesabu bila kusitasita. Najua ni maneno mabaya. Niliyafikiri pale pale na sijaacha kuyafikiri.

Sala ikaenda. Ilipofika Kadishi, rabi akasita, kwa sababu wazazi wake wote wawili wako hai na kwetu mtu wa namna hiyo haisomi. Akamuuliza kijana, "Umesema mama yako alikuwa?" Kijana akajibu kwamba alikufa masika iliyopita, wakamchoma, hapakusomwa kitu. Rabi akasema, "Basi leo msomee wewe mama yako. Na umsomee pamoja naye Pál, mzee wetu." Akampa kitabu. Kijana akakigeuza huku na huku, maana hakujua hata kinafunguliwa upande gani.

Alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na pazia. Nilisikia pumzi zake. Akaanza, akakwama neno la kwanza. Rabi alikuwa mbele na mgongo kwetu, wazee wanasubiri, na baba yangu, kama yuko mahali popote, anasubiri pia. Nikasogea. Nikamnong'oneza neno la kwanza kupitia kitambaa. Akalisema kwa sauti. Nikamnong'oneza la pili. Akalisema. Tukaenda hivyo, mimi chini chini, yeye juu juu, mpaka mwisho, na kila tulipofika mahali pake wale wanaume tisa wakaitika "Amina" kwa nguvu zao zote. Walikuwa wanamwitikia yeye. Katikati sauti yake ilikatika kwa kilio, ikabidi nimsubiri, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeuma kola yangu.

Nilitaka kumchukia na sikuweza. Alikuja baadaye kwenye keki, macho mekundu, fulana yake ya kipuuzi imelowa, akanishika mikono yote miwili. "Asante sana, mama," alisema. "Bila wewe ningekufa pale. Wewe ni mke wa rabi?"

"Hapana," nikamwambia. "Mimi si Myahudi."

Ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu kulitamka hilo. Alinitazama kana kwamba Kiingereza changu kimeharibika. Kisha akachukua kipande cha pili cha keki, kwa sababu kijana ni kijana.

Kumbe rabi alikuwa amesikia kila kitu, mnong'ono wote. Kesho yake alipanda ghorofa zote hizi tatu kuja kwangu, hakunywa hata maji jikoni kwangu, unajua kwa nini, vyombo ni vya mtu wa hali yangu, akakaa ukingoni mwa kiti. Alikuwa na aibu, na nilifurahi kuiona. Alisema amezungumza na marabi wenzake. Watu wengine husoma miaka kabla ya kupokelewa, lakini kwangu mimi haina haja. "Asubuhi moja, Mwalimu. Unasimama mbele ya waamuzi watatu, wanakuuliza maswali ambayo wewe ungewauliza wao, unazama majini, umemaliza. Nani atakugusa tena?" Alisema kwa moyo mweupe. Nilikubali. Usiku ule nilipika, niliimba, nilimpigia Ervin hospitalini, naye akasema, "Hatimaye, punguani wewe," akakohoa.

Sentensi ambayo ingeniponza nilikuwa naijua kwa moyo. Nimeifundisha mara nyingi, tena nikiipamba: anayeingia kwenye dini yetu ni sawa na mtoto aliyezaliwa leo. Wanafunzi wangu waliipenda. Kuanza upya, kutakata, kuacha yote nyuma. Sikuwahi kujiuliza mtoto aliyezaliwa leo ana baba gani.

Waamuzi walinipokea vizuri katikati ya Januari. Wawili wazee, mmoja kijana, na Rabi Menahem kakaa pembeni kama mzazi siku ya mtihani. Mkubwa wao akaniuliza, "Kwa nini unataka kuwa Myahudi?"

"Kwa sababu baba yangu alikuwa Myahudi."

"Hiyo si sababu," alisema, bila ubaya, kama unavyomwambia mtoto kwamba tano si jibu.

Nikatoa nyingine. Nazo ninazo, Shangazi, nimekaa na vitabu hivi miaka thelathini. Waliniuliza kuhusu Sabato, vyombo vya nyama na vya maziwa, nikajibu. Yule kijana alijaribu kunitega kwenye jambo la mkate wa Pasaka nami nikamrudishia na maelezo ya ziada, wakatabasamu. Ndipo mkubwa akasema imebaki jambo dogo tu, jina nitakaloitwa.

"Rivka," nikasema. "Rivka binti Pinhas." Maana hilo ndilo jina la Pál alilopewa na babu, na ndilo tulilolichora kwenye jiwe lake.

"Rivka binti Abrahamu," akasema mkubwa. "Kila anayeingia ni mtoto wa baba yetu Abrahamu. Ni heshima."

"Namheshimu Abrahamu. Lakini mimi nina baba."

Wakatazamana. Yule kijana akaeleza kwa sauti ya kitabu kwamba hakuna anayenikataza kumkumbuka mzee yule, wala kumwombea nikitaka. Ila tu kwa sheria haitakuwa wajibu wangu tena. Nitakuwa huru.

"Sikuja hapa kuondolewa wajibu," nikamwambia. "Nimekuja kuutafuta."

Naomba ulione hilo, Shangazi, ulione vizuri kwa hilo jicho lako jipya. Nje ya mlango mimi ni binti yake na siruhusiwi kumlilia. Nikiingia ndani naruhusiwa, lakini si binti yake tena. Wamejenga nyumba yenye mlango mmoja, na mlangoni lazima umwache baba yako nje kwenye matope. Na wote mle ndani ni watu wema! Mkubwa wao alinipa leso yake.

Nilichukua koti langu. Maji yalikuwa tayari, nilisikia bomba likitiririka chumba cha pili. Rabi Menahem alinikimbilia mpaka kwenye ngazi, kofia imemwenda upande. "Mwalimu, tafadhali, usifanye hivi. Ni jina tu!"

"Kama ni jina tu, mniachie langu."

Alibaki amesimama pale ngazini na mikono mitupu, na kwa mara ya kwanza nilimwona ni mtoto wa mtu, yuko mbali na kwao. Lakini sikurudi.

Tangu siku hiyo sijakanyaga nyumba ya sala. Darasa la Jumatatu limekufa. Wanafunzi wawili wanakuja kwangu jikoni, wa tatu haji tena. Ervin katoka hospitalini, hasimami, kwa hiyo sasa Kadishi ya Pál inasomwa na mtu wanayemlipa kutoka mfuko wa wafu, haraka haraka, pamoja na ya watu wengine kumi na tano. Ndiye huyo. Umeuliza, nimekujibu.

Na kwa kuwa nimeshaanza kusema, nimalizie na lako. Kwa miaka sitini na zaidi barua zako zote uliandika "Mpendwa Pál". Hata mara moja hukuandika "na Teréz". Mama yangu alizipokea hizo barua mlangoni, akapangusa mikono yake kwenye aproni kabla ya kuzishika, akaziweka kando ya sahani ya Baba. Alijua. Hakuwahi kunung'unika. Ukaniambia wewe kwenye simu, kabla ya lile swali lako, "Usiwasikilize, wewe ni wetu." Ni rahisi kusema ukiwa Haifa. Ni wenu kwa lipi, Shangazi, kama mama yangu hakuwa hata mstari kwenye barua? Rabi aliniambia la kwake usoni baada ya dakika tano. Wewe umechukua miaka sitini.

Nimekuandikia kwa ukali na sitaufuta, kalamu imeshapita. Lakini sina mwingine. Wewe ndiye wa mwisho aliyemjua akiwa na kaptula.

Kila jioni jua linapozama nasimama jikoni, nageukia upande wa kwenu, namsomea Kadishi peke yangu. Kwa sheria haifai na najua ni wapi imeandikwa. Maneno hayanishindi. Yanayonishinda ni yale mapengo, pale unaponyamaza ili watu waitike. Nanyamaza, nasikia friji inanguruma, naendelea. Saa hiyo huko Haifa giza limeshaingia, nawe umekaa kwenye kiti chako karibu na simu. Nitakupigia. Huhitaji kuniambia lolote, wala pole, wala kwamba mimi ni wenu. Niitikie tu Amina.

Nisalimie Amnon na Hedva, na Tirtza umwambie picha ya mtoto nimeipata na paji la uso ni la Pál kabisa. Mzee Ervin anakusalimu, anasema bado unamdai densi moja. Mwenyezi Mungu, kama ananisikia na mimi, akuzidishie siku zako na akulindie macho.

Wako akupendaye hata akiwa na hasira,

Kornélia,
binti wa kaka yako na wa Teréz